Mahali Pasipotajwa

Mjomba Melke alidanganya kwa sababu ya heshima. Mwaka juzi afisa wa misitu alimletea ramani, akamwuliza, "Mzee, kuna mahali pa mizimu hapa? Sheria inasema pasiguswe, ila lazima uniambie jina niliandike."

Mjomba akatema mate mekundu ya tambuu na popoo. "Hakuna kitu."

Sote tuliokuwepo tukatazama chini. Jina la mahali wanapokaa wafu wetu halitamkwi mbele ya mgeni. Likitamkwa, wanahama. Hapa kwetu Pomio hata mtoto anajua hilo.

Afisa akaandika kwamba hakuna. Miezi mitatu baadaye misumeno ya kampuni ya mbao ikapanda kilimani kwa wafu wetu ikakata kila kitu, na karatasi zao zilikuwa safi kabisa. Mjomba alipokwenda mjini kulalamika, walimwonyesha jibu lake mwenyewe, na alama ya dole gumba lake chini yake. Hakuishi hadi msimu wa mvua.

Tangu hapo wafu wa kilimani wanazurura. Mchana kweupe, nikiwa namenya magimbi, nawasikia wakipita nyuma ya jiko wakiulizana njia. Mbwa hawabweki. Naogopa, na sioni aibu kusema.

Lilibaki bonde la kijito. Humo walikaa wafu wa upande wa mama yangu, naye mama akiwemo. Kila nikishuka kuchota maji nilimsikia akiimba puani, vilevile alivyokuwa akiimba akisuka vikapu.

Wiki iliyopita afisa akarudi. Kampuni sasa inataka bonde. Kwetu ardhi hufuata mama, kwa hiyo safari hii aliyeulizwa ni mimi.

"Dada Rosina, usinifanyie kama mjomba'ako. Nitajie jina, nichore mstari mwekundu. Hakuna msumeno utakaovuka."

"Nisipotaja?"

"Basi pale hakuna kitu. Kisheria."

Binamu yangu Yulita akanikanyaga mguu. "We! Utamfukuza mama'ako kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Wakikata atakaa wapi? Kwenye nywele zako?"

"Na ukilitaja jina je, atakaa wapi?"

Nilifikiria kile kilima, jinsi kilivyobaki udongo mtupu. Nikamwambia afisa atazame pembeni, upuuzi mtupu, maana masikio hayatazami. Nikalitaja. Yulita akajifunika uso kwa kanga yake, akaondoka bila kuniaga.

Mstari umechorwa. Misumeno ilifika mpakani ikageuka, sitaki kuisingizia sheria. Ilifanya kazi yake.

Jana nilishuka kijitoni. Miti yote ilikuwa imesimama, maji ni yaleyale, baridi ileile. Nikasikiliza. Nikaita, "Mama." Nikaita tena, kwa jina lake la utotoni, lile alilopenda. Nikakaa juu ya jiwe nikalia mpaka kifua kikauma. Bonde lilikuwa zima, na mama hakuwemo.