Tumekuja Kumtaka Mtoto Wenu

Tangu Chuo cha Yakuti kitangaze kuwa kinajitoa katika ligi ya vyuo vya Maskati, Bi Hamdiya binti Harub hakuacha kuwasema. Kila aliyeingia nyumbani kwake Ghubra alipewa kahawa na maneno. Yakuti wako Azaiba, si zaidi ya dakika kumi kwa gari kutoka kiwanja cha Chuo cha Marjani, na kila mwaka vyuo hivi viwili vilikuwa vikipambana mpaka watu wakarudi makwao hawana sauti. Sasa ati wanakwenda kucheza na vyuo vya Dubai na Doha, kwa sababu huko mechi zinaonyeshwa kwenye televisheni. Wanamwacha jirani wa kwenda kwa miguu, alisema, wanamfuata jirani wa kupanda ndege.

Marjani ilikuwa yake. Alisimamia bweni la wasichana pale miaka ishirini na miwili, na hata baada ya kustaafu kiti chake cha plastiki kilibaki pembeni ya kiwanja, hakikaliwi na mtu. Mwanawe Ghanim alicheza pale. Sasa alikuwa akicheza Sinan, mtoto wa Ghanim, winga wa kushoto, mwaka wa pili.

Juu ya kuwalipa wachezaji alikuwa na lake. Kijana alipiwe ada, ashibe, apewe viatu. Akishapewa mshahara si mwanafunzi tena, ni mtumishi, na mtumishi siku akichoka hufukuzwa. Mkwewe Rahila, mama yake Sinan, ambaye ni mwalimu na hamwogopi mtu, alimwambia siku moja jikoni kwamba kocha analipwa, mkata tiketi analipwa, mpaka anayepaka chaki mistari analipwa. Anayevunjika mguu peke yake ndiye anayeambiwa acheze kwa mapenzi. Bi Hamdiya alimwambia atazame mchuzi, unashika chini.

Lakini lililomchoma zaidi ni kuibiwa watu. Aws, golikipa wa Marjani, alitia saini kubaki, na mwezi haukwisha akaonekana Azaiba anaendesha gari jipya. Jioni ile Bi Hamdiya aliishika simu na kurekodi sauti katika kundi la wasapu la wapenzi wa Marjani.

"Aliyevunja neno lake kwa ajili ya gari," alisema, "huyo kwangu hapewi hata maji. Na aliyemzaa ajiulize alimlea vipi."

Mahbuba, mama yake Aws, alikuwamo katika kundi. Aliisikiliza sauti, akatoka kundini, na tangu siku hiyo wakikutana dukani hugeuza uso akatazama mafuta ya kupikia. Jirani wa miaka kumi na nane. Bi Hamdiya alisema kweli haina jirani.

Wiki ya pili yake, Jumanne, simu ililia. Mtu alijitambulisha kwa jina la Saeed, mtu wa Azaiba, wazee wake walitoka Bujumbura. Aliomba ruhusa waje Alhamisi baada ya alasiri, wana maneno juu ya mtoto wa nyumba ile. Kiswahili chake kilikuwa cha bara lakini kimejaa adabu. Bi Hamdiya aliikata simu, akakaa kitako kitandani, akaanza kuhesabu vikombe vya wageni.

Maana katika nyumba ile mtoto wa kuzungumziwa alikuwa mmoja tu. Maha, dada yake Sinan, alikuwa na miaka ishirini na sita, anamalizia masomo ya ufamasia. Mwaka uliopita walikuja watu kumtazama, wakanywa kahawa, wakasifu sambusa, wakaondoka wasipige simu tena. Maha hakusema kitu, ila aliacha kwenda harusini.

Basi Alhamisi ikafika. Rahila alikuwa hajarudi kutoka kazini, Maha yuko chuoni, Sinan yuko mazoezini, na Ghanim yuko Suhar anakofanya kazi. Bi Hamdiya aliona ndiyo vizuri. Neno la kwanza ni la wakubwa. Alifukiza udi mpaka nyuma ya makochi. Wakaingia Saeed, kanzu imenyooka, na mwanamke kijana mwenye abaya ya thamani, amebeba halwa na kasha jembamba lililofungwa utepe. Dada wa bwana harusi, Bi Hamdiya alijiambia.

"Mama, tumekuja kumtaka mtoto wenu," Saeed alisema walipokwisha kuulizana hali. "Tumemtazama kwa mbali muda mrefu, tumempenda. Heshima yake, utulivu wake, hata mwendo wake."

Kusifiwa mwendo kulimfanya Bi Hamdiya ajivute mtandio kidogo, lakini aliwasamehe. Watu wa bara husema wazi. Akawajibu kuwa mtoto wao huamka alfajiri bila ya kuamshwa, hana jawabu kwa wakubwa, na chakula chochote anakula. Saeed alitikisa kichwa kwa kila sifa. Mwanamke alikuwa akiandika.

Kwao Bi Hamdiya, watu wakija kuchumbia walipimwa akili kabla ya mali. Akatega.

"Kitendawili."

"Tega," walisema wote wawili.

"Nna mgeni wangu wa mviringo. Kila anayempenda humpiga teke, na akimshika kwa mkono hupigiwa filimbi."

Mwanamke alishindwa. Akaambiwa atoe mji, akatoa Yiti. Bi Hamdiya akakataa, Yiti kuna samaki wengi kuliko watu, apewe mji wa maana. Ndipo Saeed akacheka akasema jawabu ni mpira. Yeye alifurahi kwa kuona bibi mwenyewe ameshawafungulia mlango wa mazungumzo. Bi Hamdiya alifurahi kwa kuona wakwe wana akili.

Akauliza mwenyewe yuko wapi, mbona hamkuja naye. Saeed alijibu kuwa mwenyewe yuko Doha kikazi, amemtuma yeye awe ulimi wake. Akauliza masomo je. Saeed aliapa kuwa mtoto atasoma mpaka amalize na gharama zote juu yao, atakuwa na chumba chake, gari lake, na kila mwezi kitu cha mkononi mwake. Akiumwa wana daktari wao. Bi Hamdiya alijizuia asitabasamu sana.

"Ukitoa neno lako, mama, akdi tunaweza kuifunga Jumapili," alisema Saeed. "Mtoto mwenyewe ametuambia, bibi akikubali, nami nimekubali."

Hapo macho ya Bi Hamdiya yakajaa machozi. Akdi, na bwana harusi hajaonekana; lakini Maha, kimya kile, kumbe alikuwa na mtu, na hatima yake ameiweka mikononi mwa bibi yake.

"Nimekubali," alisema. "Na mwanangu Ghanim hanivuki. Mimi neno langu halina mbili."

Wakasoma Fatiha.

Magharibi Rahila na Maha walirudi pamoja, wakaukuta udi na halwa. Bi Hamdiya alimshika Maha mashavu akamwambia nimeshakutolea neno. Maha akauliza neno gani, kwa nani. Kwa watu wako wa Azaiba. Maha akasema yeye hana watu Azaiba. Wakatazamana. Rahila akalivuta kasha akafungua utepe, na badala ya kitambaa ikatoka jezi ya manjano ya Yakuti, nambari kumi na moja, na mgongoni limeandikwa SINAN.

Rahila alianza kucheka mpaka akaegemea ukuta. Akamwona Maha, akanyamaza.

Kwa Saeed, aliyekulia kazi za ofisini za Ghuba, akdi ni mkataba wowote, hata wa kukodi friji. Kwa Bi Hamdiya akdi ilikuwa ndoa. Yule "mwenyewe" aliye Doha alikuwa mkuu wa timu. Na katika saa nzima ya maneno, "mtoto wenu" na "yeye" hazikumwambia kama anayetakiwa ni mwanamke au mwanamume.

Sinan aliingia na mfuko wake wa viatu. Aliitazama jezi.

"Bibi, umekubali?"

Akakaa chini, mgongo kwenye kochi, akaeleza akitazama zulia. Yakuti walimfuata wiki tatu. Baba yake kutoka Suhar alimwambia aende, nafasi haiji mara mbili. Yeye hataki. Kule wana watu watatu wa nafasi yake, na zaidi ya hayo hataki tu. Lakini hakuthubutu kumwambia baba yake hapana, wala yule Saeed. Akawaambia wote nendeni kwa bibi.

"Mimi siwezi kumwambia mtu mzima hapana," alisema. "Wewe unaweza. Nilijua utawafukuza. Maskati nzima inajua utawafukuza."

Ijumaa kabla ya sala habari ilikuwa imeenea. Ghanim alipiga simu kumshukuru mama yake kwa kuwa na akili. Katika kundi la wapenzi wa Marjani kukawaka moto. Mmoja aliandika kuwa kumbe makelele yote ya bibi yalikuwa ya kupandisha bei. Mwengine akairudisha ile sauti aliyorekodi juu ya Aws, bila ya kuongeza neno. Baada ya dakika chache ikarudishwa tena, na tena, mpaka Bi Hamdiya akawa anaisikia sauti yake ikitoka chumba cha Rahila, ikitoka simu ya Sinan, ikisema hapewi hata maji.

Alikuwa na udhuru, na udhuru wa kweli. Sentensi moja ingemtoa: walikuja, nikadhani posa. Aliishika simu, kidole kimeshafika kwenye alama ya kurekodia.

"Bibi, usiseme." Maha alikuwa amesimama mlangoni. "Mwaka jana walikunywa kahawa wakaondoka. Mwaka huu useme nimeposwa na jezi? Na wewe umekubali hata jina la mume hujaliuliza? Sitatoka tena nje ya nyumba hii."

Bi Hamdiya alimtazama. Akaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

Jumamosi usiku alimwambia Sinan ampeleke Azaiba asubuhi. Rahila alimuuliza atasema nini. Alisema atasema hapana, si ndiyo kazi aliyopewa. Rahila akamkumbusha kuwa watamwita kigeugeu. Bi Hamdiya alimjibu kuwa yeye mwenyewe ameshawaita watu hivyo, anajua linavyotamkwa.

Jumapili alimwacha Sinan garini na kupanda ngazi za Yakuti peke yake. Ofisi ilikuwa baridi kama jokofu. Saeed alikuwako, yule mwanamke alikuwako, na vijana wanne wa ofisini wenye kompyuta, na juu ya meza karatasi za mkataba zimepangwa, kalamu juu yake. Bi Hamdiya hakukaa. Alisema Sinan haji, neno alilotoa Alhamisi amelirudisha.

Saeed alivua miwani. Adabu ya Alhamisi ilikuwa imempungua.

"Tumesoma Fatiha, mama."

"Tumesoma."

"Ile sauti yako juu ya Aws tuliisikia wote hapa, nikawafasiria. Huyu kijana hapa ni binamu yake. Mama yake Aws alilia siku tatu."

Kijana mwengine, wa dirishani, alikuwa amegeuza kiti chake ili amwone Bi Hamdiya vizuri.

Saeed akamwangalia kama mtu anayerudia mazungumzo kichwani. "Nimekuwa nikijiuliza," alisema polepole. "Ulituuliza mwenyewe yuko wapi. Ukalia machozi. Labda siku ile ulidhani tumekuja kwa jambo jengine? Sema tu, mama. Ikiwa ni kutofahamiana, basi hakuna aliyevunja kitu. Nitawaambia hivyo na yamekwisha."

Mlango ulikuwa wazi. Alihitaji kusema ndiyo, basi.

"Nilijua mmekuja kwa nini," alisema Bi Hamdiya. "Mlimtaka Sinan, nikakubali. Leo sitaki. Nimegeuka."

"Bila ya sababu?"

"Sababu ni yangu."

Saeed alivaa miwani yake. Alisema basi kamati itataka maandishi, maana jina la kijana limeshapelekwa kwenye ligi mpya, na yeye hataki kulaumiwa kwa ulimi wa mtu. Bi Hamdiya akaomba karatasi. Alikaa sasa, akaandika kwa mwandiko aliofundishwa darasani Unguja, herufi moja moja, akibonyeza kalamu. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia.

Saeed aliichukua akaisoma kimya. Akasema hapa wanaojua Kiswahili ni yeye na yule mwanamke tu.

"Basi utawasomea."

Akawasomea kwa Kiarabu. Alisema bibi huyu anaomba radhi, kumetokea hali ya kifamilia, anawashukuru kwa ukarimu wao. Vijana wakatikisa vichwa. Yule binamu yake Aws akarudi kwenye kompyuta yake.

"Sikuandika samahani," alisema Bi Hamdiya kwa Kiarabu kilekile, wote wasikie. "Wala hali ya kifamilia sikuandika. Soma kilichoandikwa."

Saeed alimtazama, safari hii kwa hasira kweli. Alikuwa amempa njia mbili za kutokea na zote amezipiga teke. Akaiinua karatasi, akafasiri neno kwa neno, kwa sauti ya mtu asiyemwonea tena huruma aliye mbele yake:

"Mimi Hamdiya binti Harub wa Ghubra, nilitoa neno langu Alhamisi kwamba mjukuu wangu Sinan aje Yakuti. Leo Jumapili nimelivunja. Sikulazimishwa na mtu, wala mtoto hana kosa. Aliyevunja ni mimi."

Kijana wa dirishani alitoa sauti puani. Binamu yake Aws hakucheka. Alikuwa ameinua simu yake, anarekodi. Bi Hamdiya alimwona. Akaweka sawa mtandio wake, akamgeukia vizuri ili uso wake uonekane, na akamwambia Saeed asome tena sentensi ya mwisho, huyu mwanangu alichelewa kuwasha.