Betri Arobaini Ndani ya Kopo

Fundi alibonyeza kitufe, taa ya kijani ikawaka, naye akamtazama shemeji yake kwa majivuno. "Si nilikwambia? Miaka mitatu rafuni, na inaamka kama ililala jana."

Tusimwonee, kazi yake alikuwa anaijua. Mashine za michezo ambazo viwanda viliacha kuzitengeneza hazikuwa na mlezi mwingine pale mtaani. Michezo ya kwenye diski haikumsumbua. Iliyomuumiza kichwa ni ile iliyopakuliwa mtandaoni, maana duka la mtandaoni la mashine hizo likishafungwa, hakuna pa kuipakua tena. Watu wakamletea mashine zao azitunze, zikafika arobaini, kila moja na mfuko wake na karatasi ya jina.

Hii ya leo ilikuwa ya marehemu rafiki yake, mume wa huyu shemeji. Kwenye michezo hii marehemu alikuwa mchezaji wa kuchekesha, hata mama mkwe wake alimshinda, lakini alijaliwa sauti. Kampuni moja ndogo ikamchukua amsemee mpishi wa kambi anayegombeza askari, katika sura ya nyongeza ya mchezo wao, iliyouzwa kwa kupakuliwa tu. Kampuni ikafa, duka likafungwa, na yeye mwenyewe akafariki. Simu yake iliibwa wiki ile ile ya msiba, wezi hawana haya. Mjane hakubaki na sauti ya mumewe popote ila humu.

"Nilikuwa siwezi kumsikia," mjane alisema, akivuta kiti. "Leo naweza. Niwekee, shemeji."

Fundi akaufungua mchezo. Kioo kikaandika: *Ununuzi haujathibitishwa. Unganisha na duka.* Akacheka kidogo, akajaribu tena. Maneno yale yale. Akaenda kutazama tarehe. Mashine ilidhani ni siku ya kwanza ya mwaka iliotengenezwa.

Hapo akakumbuka betri.

Mashine hizi zina betri ndogo ya saa, saizi ya kifungo cha shati. Fundi alikuwa na desturi yake, na aliwahi hata kuwafundisha wenzake: kitu kinachowekwa, kitolewe betri, isije ikavuja ikaozesha kila kitu. Ndivyo alivyofanya kwa redio, kwa saa za ukutani, na kwa kila mashine iliyopanda rafu yake. Hii alikuwa ameiwekea betri mpya asubuhi ile, akiamini yamekwisha. Kumbe mashine ikishapoteza saa haimwamini mtu. Huuliza duka kwanza.

"Ipangie saa kwa mkono," mjane alisema.

"Haikubali yangu. Inataka ya duka."

"Duka si lilifungwa?"

"Lilifungwa."

Akageuka kuitazama rafu. Juu yake lilikuwa kopo la betri, amezipangusa moja moja kwa kitambaa, arobaini kamili, moja kwa kila mashine. Akashika meza. Si wezi, si panya, si maji ya mvua. Ni yeye, kwa usafi wake, mchana kweupe, na watu wakamshukuru.

"Nimewaua wote," alisema. "Shemeji, nimewaua wote kwa mikono yangu."

Mjane alikuwa bado anakikodolea macho kioo. Hakulia, alikuwa kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua.

"Kwa hiyo amefutika?"

"Hajafutika. Yumo humo, hata neno moja halijapotea. Ila hatuwezi kumfungulia. Labda siku moja atatokea mjuzi kunizidi. Mimi siwezi."

Mjane akaweka kiganja juu ya mashine. Ilikuwa imeanza kupata joto.

"Wenye mashine hizi nyingine wanajua?" akauliza hatimaye, akielekeza kidevu kwenye rafu.

"Hawajui."

"Wapigie. Leo, mmoja mmoja, usingoje waje." Akalinyoosha gauni magotini. "Mimi nimeamka alfajiri kupiga pasi gauni alilolipenda."