Tayamamu ya Mtendaji

Alhamisi moja ya Januari, mwaka tisini na tano, Bi Mastura alipita ofisi ya kijiji akiwa na ndoo ya maji kichwani. Alitaka barua ya kumtambulisha kwa daktari wa macho, Lindi. Mtendaji wa kijiji cha Nachinyala, Abilahi, alikuwa mezani anamalizia kujaza fomu, na sponji ya muhuri wake ilikuwa imekauka kwa joto. Abilahi alikuwa mtoto wa dada yake marehemu Likwata, mume wa Bi Mastura, kwa hiyo alimwita mkazamjomba, na alimwomba maji kama mtu anavyoomba chumvi kwa jirani.

"Shikamoo, mkazamjomba. Nidondoshee matone mawili matatu hapa. Muhuri wangu una kiu."

"Marahaba."

Bi Mastura alitua ndoo, akachovya vidole, akadondosha. Maji yale yalikuwa ya chemchemi ya bondeni, hayajamaliza hata nusu saa tangu yatoke ardhini. Abilahi akabonyeza muhuri kwenye sponji, akaupiga kwenye fomu, akaupuliza wino ukauke.

Bi Mastura alisoma mpaka darasa la nne. Alikuwa msomaji wa pole pole, ila haruki neno. Palipoandikwa jina la eneo aliona Bonde la Nachinyala. Kwenye swali la saba, lililouliza chanzo cha maji ndani ya eneo, aliona neno moja kwa herufi kubwa: HAKUNA.

Alimuuliza kama kuna bonde jingine lenye jina hilo. Abilahi akasema hakuna, ni hili hili. Kampuni ya nyumba kutoka Dar es Salaam imelipenda kwa kuwa liko karibu na barabara, na nyumba hazijengwi juu ya tope. Kwanza ikauke karatasi, akasema, ardhi itafuata. Hayo ni maneno ya kiofisi, mkazamjomba asiyatie moyoni.

"Na haya uliyoniomba sasa hivi yametoka wapi?"

Abilahi alicheka. "Hayo ni maji ya muhuri."

Akamwandikia barua yake ya macho, akaigonga kwa muhuri ule ule.

Adhuhuri ilipoingia, Abilahi alikwenda msikitini, akakunja mikono ya shati, akainama kwenye birika. Alitia viganja majini akavitoa vikavu. Akatia tena. Maji yaligawanyika kushoto na kulia kama watu wanaompisha mgonjwa, alipotoa mikono yakarudi mahali pake. Alichota kwa kata akajimwagia usoni, na yote yakaenda chini bila kumgusa kidevu. Waliokuwa nyuma yake walimwomba asogee kidogo, swala inakaribia.

Mwalimu Mshamu, imamu wa msikiti ule, aliletewa habari. Akaja, akaangalia mara tatu, maana mambo ya udhu huangaliwa mara tatu. Kisha akasema dini ni nyepesi. Asiyepata maji, au akayapata na asiweze kuyatumia, anatayamamu. Akamwonyesha mchanga safi nyuma ya msikiti. Abilahi akapiga viganja mchangani, akapaka uso, akapiga tena, akapaka mikono, akaingia kuswali safu ya kwanza.

Kuanzia siku hiyo hakulowa. Kunywa alikunywa, na kiu ikatoka, ila midomo ilibaki mikavu. Kuoga alijisugua kwa majivu na mafuta ya nazi. Kwenye mikutano watu walikaa upande upepo unakotoka, na hakuna aliyelizungumza zaidi ya hapo.

Bonde lenyewe lilianzia chini ya mikorosho, likashuka mpaka kwenye mikoko. Kuna majaruba sitini na matatu ya mpunga, na katikati yake chemchemi ambayo haikukauka hata mwaka wa njaa. Ukindu wa mikeka unakatwa huko, kambale wanatolewa kwenye tope huko, na visima vyote vya kijiji vinakunywa kutoka huko. Marehemu Likwata alichimba mfereji wa kwanza kwa jembe lililokatika mpini. Jaruba lake sasa lilikuwa la Bi Mastura, na ndilo lililomlisha tangu afiwe. Abilahi mwenyewe, alipofiwa na mama yake, alikula mchele wa jaruba hilo miaka tisa.

Bi Mastura alimwendea nyumbani jioni ya siku ya tatu. Alimkuta kibarazani anachambua korosho. Hakumpa pole. Alimwambia jambo ni jepesi: aende akafute HAKUNA, aandike YAPO, arudi birikani. Abilahi akachambua korosho nyingine mbili. Hakusema kwamba haamini. Alijua kama mkazamjomba wake alivyojua.

"Nikiandika yapo, mkazamjomba, nitakuwa mtu gani mbele ya wakubwa? Wameshaniahidi nyumba namba tatu. Ina bomba ndani."

"Bomba la nini, mwanangu, na wewe hulowi?"

"Nitazoea," alisema Abilahi.

Bi Mastura akaaga. Njiani alimwomba Mungu amzuie asiseme neno ambalo mwenye imani hatakiwi kulisema, na Mungu akamzuia, kwa shida.

Mwezi wa pili wanawake watano walikwenda mjini Lindi. Mmoja alikuwa Natalia, Mmakonde aliyeteremka kutoka nyanda za juu za Newala kufuata mpunga, na jaruba lake lilipakana na la Bi Mastura. Barua aliiandika Bi Mastura mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, na kila mwenye jaruba alitia dole gumba. Walichukua na chupa ya maji ya chemchemi iwe shahidi. Natalia alitia ndani kitoto cha kambale, akisema shahidi mmoja hatoshi.

Waliingizwa kwa bwana mmoja aliyevaa tai. Alisoma barua yote, hilo hawakumnyima. Kisha akainua chupa dirishani, akaigeuza.

"Haya ni maji, sikatai," alisema. "Lakini hayasemi yametoka wapi. Karatasi ndiyo inasema."

Natalia akamuuliza, na samaki je?

"Samaki naye hana muhuri."

Aliwaeleza kwa upole kwamba nchi imefunguliwa, hii ni miaka ya ruksa, mwekezaji hawekewi magogo njiani. Akawauliza kama wanapinga maendeleo. Wakasema wanapinga uongo. Akaandika pembeni ya barua yao kwamba wanapinga maendeleo, akaiweka kwenye faili. Chupa ilibaki dirishani kwake. Wanasema yule kambale alikua mpaka akaijaza chupa yote, na yule bwana akawa anaitumia kuzuia mlango usijifunge.

Aprili, mpunga ukiwa na mimba, katapila lilikuja juu ya lori. Wanawake walitandika mikeka kwenye njia ya kuingilia bondeni. Waislamu walisoma Yasini, Wakatoliki wakasali rozari upande wa pili, na katapila likasimama kati yao linanguruma kutwa nzima. Siku ya pili walikuja mgambo. Waliwanyanyua mmoja mmoja na kuwaweka kando, na mikeka wakaichana, kila mmoja vipande viwili, kama watu waliopewa kazi hiyo maalumu. Bi Mastura alinyanyuliwa na vijana wawili aliowafundisha juzuu. Walimwambia shikamoo kabla ya kumshika. Hakuitikia, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kutoitikia shikamoo tangu azaliwe.

Abilahi alisimama kando na orodha yake. Mvua ilianza, ikawanyeshea mgambo, ikawanyeshea wanawake, ikainyeshea orodha mpaka ikararukia mkononi mwake. Shati lake lilibaki limepigwa pasi.

"Mwangalie," alisema Natalia, amekaa topeni. "Hata Mungu kamuanika, ila tamaa haimkauki."

Jaruba la Bi Mastura lilikuwa la nne kufukiwa. Kifusi kililala juu ya mpunga wenye mimba, na kwa siku mbili vyura walisikika chini yake. Siku ya tatu hawakusikika. Aliyeendesha katapila alikuwa mtu wa mbali, akamuuliza Bi Mastura kwa nini anasimama hapo. Akamwambia anahesabu vyura.

Nyumba zilijengwa ishirini na nne, kuta nyeupe, mabati mekundu. Wakubwa wa mjini walipewa, wengine wakazipangisha bila kuziona. Abilahi alihamia namba tatu. Jioni alifungulia bomba la ndani na kuliangalia.

Mwisho wa mwaka tisini na saba zilikuja mvua za Elnino. Maji yaliyokuwa yakilala bondeni yalitafuta kitanda chake, hayakukiona, yakapanda kijijini yakalala ndani ya nyumba za watu. Nyumba saba za udongo zilikwenda, na choo cha shule. Zile ishirini na nne zilikaa kavu juu ya kifusi. Abilahi alipita na daftari kuandika hasara, maji yakimpisha njia kiunoni, na wazee walishikilia koti lake ili nao wavuke bila kulowa. Bi Mastura, godoro lake likiwa juu ya paa, alimwona akipita. Alimwambia kwenye daftari hilo asisahau kuandika HAKUNA.

Mvua zikaondoka. Chemchemi ilibaki uwazi mmoja tu, kama mdomo wa mtungi, pembeni ya ukuta wa namba kumi na moja. Wanawake walipanga foleni hapo tangu alfajiri, mpaka mwenye nyumba akaweka seng'enge. Walichota kwa kupitisha kata kwenye seng'enge. Visima vya kijiji viliingia chumvi kimoja kimoja, kisha vikaanza kutoa mchanga.

Mwaka tisini na tisa, mwezi wa kumi, Bi Mastura alishuka na ndoo. Alipitisha kata kwenye seng'enge, akaiingiza tunduni, ikatoka na mchanga mkavu. Akaingiza tena. Mara ya tatu alisubiri kidogo kabla ya kuitoa. Mchanga. Adhuhuri ilikuwa inaingia. Akarudi nyumbani ndoo tupu, na kwa umri wake wote wa miaka hamsini na saba hakuwahi kutayamamu mpaka siku hiyo. Alimkumbuka Mwalimu Mshamu alivyofundisha, akapiga viganja chini.

Wakati huo huo, katika nyumba namba tatu, boza la maji kutoka mjini lilikuwa limemaliza kujaza tangi. Abilahi alifungulia bomba aliangalie kama kawaida yake, akapitisha kidole. Kidole kikalowa.

Alilowa mkono, akalowa uso, akakaa chini ya bomba na nguo zake mpaka mkewe akamwambia anamaliza maji ya wiki. Mtaa wote walimpongeza. Mwalimu Mshamu alisema Mungu akiondoa uzito, mja ashukuru, na maulidi ya shukrani yakapangwa Ijumaa. Hakuna aliyeuliza kwa nini leo. Bi Mastura peke yake hakuwa na haja ya kuuliza. Swali la saba sasa lilikuwa limejibiwa sawasawa. Karibu miaka mitano ile karatasi ilikuwa uongo, na adhuhuri ya leo imekuwa kweli, na maji hayana ugomvi na mtu aliyesema kweli.

Alasiri ilipokaribia, Abilahi alikuja mwenyewe kwa mkazamjomba wake kumwalika. Alibeba ndoo ya maji, iliyojaa, na mikono yake ilikuwa inachuruzika mpaka viwikoni. Alikuwa na furaha kama mtoto wa idi. Akaitua ndoo mlangoni.

"Tawadha, mkazamjomba. Maji yapo."

Bi Mastura aliliangalia neno lile likitoka mdomoni mwake jepesi, bila kukwama.

"Limekutoka," alisema. "Sasa nenda kaliandike."

"Niandike nini tena?" Abilahi alisema, kwa upole wa mtu asiye na kosa. "Kule bondeni si hakuna kweli?"

Akaaga, akamkumbusha Ijumaa, akaondoka anapangusa mikono kwenye shati ili alione linavyolowa.

Natalia alikuwa ukutani anasikia. Akamwambia Bi Mastura aimwage ndoo ile mlangoni, kila mtu aone. Akamwambia hata Mungu wa Waislamu angemwelewa, arudie mchanga wake wa adhuhuri, maji ya mtu yule si maji.

Bi Mastura alikaa na ndoo mbele yake mpaka adhana ikamalizika. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka kwenye kucha. Kisha akakunja mikono ya gauni, akanuia, akachota kwa kiganja, kidogo kidogo, kiasi kinachotosha na si tone zaidi. Yakamlowesha. Alitawadha kwa maji ya Abilahi, kwa sababu maji yakiwepo tayamamu haisihi, na yeye si mtu wa kusema hakuna maji wakati yapo.