Mgeni wa Maganda ya Machungwa

Usiku wa jana niliota pipa la dawa limekaa kwenye kiti changu, linakunywa chai yangu.

Kwanza nieleze. Mimi ni mfagiaji katika kiwanda cha alizeti hapa Singida. Mashine ikishakamua mbegu, mashudu yanayobaki bado yana mafuta ndani. Basi yanamwagiwa dawa inayotokana na petroli. Dawa inaingia, inatoka na mafuta, halafu inachemshwa kwa mvuke iruke, mafuta yabaki. Jina lake lina herufi nyingi, sisi tunaiita dawa tu. Shangazi yangu Mwajabu amefanya kazi karibu nayo miaka tisa, na sasa vidole vyake havisikii kitu. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya gauni.

Mwezi uliopita kiwanda kililetewa dumu la dawa nyingine, iliyotengenezwa kwa maganda ya machungwa. Wakaijaribu. Mafuta yalitoka vizuri, ila yalinukia machungwa. Bosi wetu, Bwana Mghenyi, akaamua dumu lirudishwe lilikotoka, na asubuhi ya leo ndiyo lilikuwa liondoke. Nilitaka kusema neno, sikusema. Mimi huwa nasema kesho yake, nikiwa peke yangu.

Ndipo nikaota.

Pipa linaweka kikombe chini. "Msindikizaji," linaniambia, kwa lile jina la utani wanaloniita kazini. "Hiki kiwanda ni changu. Nenda kafagie."

"Shikamoo," naliambia, maana ni kubwa kuliko mimi.

"Marahaba. Ila usivute."

Nageuka. Ukutani kipo kile kibao chetu cha siku zote, HAPA HAKUNA KUVUTA. Miaka yote nilijua ni sigara. Chini yake amesimama Mzee Ntandu, mlinzi wetu wa getini, amevaa joho la hakimu na ndala. Navuta mlango nitoke. Mzee Ntandu anaandika kwenye kiganja chake. Navuta kiti. Anaandika. Navuta pumzi.

"Hiyo ya tatu," anasema.

"Nimevuta hewa tu, babu."

"Kibao hakikutaja sigara."

"Basi na shangazi amevuta," nasema. "Miaka tisa anavuta hewa ya hiyo dawa. Yeye aliandikwa wapi?"

Mzee Ntandu anatafuta kwenye kiganja, anageuza na kile kingine. "Huyu hakuvuta," anasema. "Huyu alivutishwa. Kosa ni la aliyemvutisha."

Akaliandika pipa. Pipa likakohoa, kama mtu aliyetajwa mkutanoni wakati amejificha nyuma.

"Ushahidi uko wapi?" likauliza. "Nani amewahi kuingia ndani ya mbegu akatuona tukifanya kazi?"

Hapo kiwanda kikawa punje moja ya alizeti, nami nimo ndani. Sikupita mlangoni, nilikuwa nimeshaingia. Mle ndani ni darasa la tano, lile nililoliacha katikati ya mwaka, na dawati langu bado lina mkwaruzo wangu. Mafuta yamekaa kwenye madawati, manene, yamefunga mikono, yanasubiri kuitwa.

Dawa ya petroli inaingia. Haibishi hodi. Inayakamata mafuta, inayatoa nje, na katika kutoka inanipitia, inachukua kitu kwenye vidole vyangu, inakitia mfukoni. Natazama mikono. Vidole viko kumi, lakini havijui kuwa ni vyangu.

"Umechukua nini?" nauliza.

"Hisia kidogo. Sikujua kama unazitumia."

Nikasema nirudishie. Sauti yangu ikatoka ndogo, ikaanguka chini ya dawati, ikabidi niiname kuiokota.

Nikiwa huko chini nikasikia, "Hodi."

Lilikuwa chungwa. Limejifunga ganda lake kama khanga. "Hodi wenyewe," likasema tena, likangoja.

Mafuta yaliyobaki yakatazamana. Tangu yazaliwe hayakuwahi kubishiwa hodi. "Karibu," yakasema, yakajisogeza. Chungwa likakaa, likauliza habari za nyumbani, habari za jua, habari za mvua iliyochelewa. Mafuta yalipomaliza kujibu yalikuwa yameshasimama yenyewe, yanalifuata nje.

Tabu ikaanza huko nje. Dawa ya petroli ilikuwa imeshaondoka zamani, bila kwaheri. Chungwa liliaga, likabaki. Likaaga tena, likakumbuka habari nyingine ya kwao Muheza, likakaa kuisimulia.

"Umeona?" pipa likasema. "Mimi sina adabu, lakini naondoka. Huyu ana adabu, haondoki, ndiyo maana mafuta yananukia. Arudishwe kwao."

Chungwa likainama. "Kwetu mgeni haondoki peke yake," likasema. "Nasubiri kusindikizwa."

Nikasikia joto usoni. Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisome bango la getini, KIWANDA CHA KUSINDIKA ALIZETI, nami mbele ya wabeba magunia wote nikasoma kusindikiza. Walicheka mpaka mmoja akaangusha gunia. "Msindikizaji, tusindikize chooni basi," wananiambia hadi leo. Tangu siku ile sijasoma kitu kwa sauti.

Mvuke ulikuwa umeegemea ukuta, unapiga miayo.

"Msindikize mgeni," nikauambia.

"Nimemsindikiza. Dakika ishirini, kama ile ya petroli. Nimemfikisha mlangoni."

"Mlangoni ndiyo kumsindikiza? Mpeleke mpaka barabarani. Asipoharakishwa ataondoka."

Mvuke ukanitazama, ukavaa viatu. Ukalishika chungwa mkono, wakaenda polepole, wanaongea. Nikaenda nao, maana nilitaka nione kwa macho yangu. Barabarani chungwa likaniambia asante, likajimimina lote kwenye dumu lake, likajifunga kifuniko. "Kesho niite tena," likasema kutoka ndani. Niliporudi nikanusa mafuta. Yananukia alizeti, basi.

"Hapana," pipa likasema. "Bango linasema kusindika. Kusindikiza hakuna kibali."

Mzee Ntandu akalitazama bango muda mrefu. "Ni kweli," akasema. "Bango ni bango."

"Ngazi iko wapi, babu?"

Ngazi ilikuwa ya maganda, inayumba. Napanda. Kopo la rangi ya kijani liko juu kabisa, brashi haipo. Nachovya kidole gumba. Kati ya K na A nafasi ni ndogo kama ya uzi, lakini nabana herufi mbili, I na Z. Rangi ni baridi. Nausikia ubaridi wake, na kidole kinajua tena kuwa ni changu.

"Sasa soma," Mzee Ntandu anasema kutoka chini.

"Kwa sauti?"

"Bango halisomwi moyoni."

Nikafungua mdomo. Nikaamka.

Shangazi alikuwa amesimama kando ya kitanda, gauni wazi. "Mwanaidi, unamsindikiza nani tangu alfajiri? Njoo unifunge, tutachelewa."

Nikaanza na kifungo cha juu. Akaukamata mkono wangu, akausogeza machoni.

"Hii rangi umeitoa wapi?"

Chini ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na rangi ya kijani, bado mbichi. Nyumbani kwetu hakuna rangi. Nikamaliza vifungo vyote sita.

Tulipofika, lori lilikuwa getini, dumu limeshapakiwa, Bwana Mghenyi anaagana na dereva. Wabeba magunia wamekaa juu ya mizigo. Mzee Ntandu amesimama chini ya bango, shingo nyuma, midomo inacheza.

"Binti," akaniita. "Hivi jana hapa paliandikwaje?"

"Mwulize Msindikizaji," mmoja akasema juu ya magunia, na wenzake wakaanza kucheka.

"Kiwanda cha kusindikiza alizeti," nikasoma, kwa sauti. Bwana Mghenyi akageuka, na kabla dereva hajawasha gari nikamwamkia, nikamwomba dumu lishushwe, na safari hii mvuke upewe saa nzima.