Kompyuta Tatu Tumboni mwa Moja

Debe tupu haliachi kuvuma, na shemeji yake Mdarizi alianza kuvuma tangu alipokanyaga mlango wa duka. Ukoo mzima ulimwita Profesa, naye akadhani ni heshima. Alikuwa amevaa lile koti lake la buluu, kifuani pana waridi ambalo Mdarizi alimdarizia kwa ajili ya harusi ya binamu yao, kwa mchoro wa marehemu mama yake Mdarizi.

Michoro ya mama ndiyo ilikuwa roho ya duka. Mama aliichora kwa mkono, ua baada ya ua, mpaka macho yakapofuka. Mdarizi akaiingiza kwenye kompyuta, na karatasi zenyewe baadaye zikaliwa na mchwa. Kompyuta zilikuwa tatu, kila moja na mfumo wake: mkweche mmoja ulioelewana na mashine ya kudarizi, ya pili ya kuchorea, ya tatu ya hesabu. Kila jioni, kabla ya kufunga duka, alinakili michoro yote katika zote tatu.

Profesa akaziangalia kama mtu aliyekuta vyombo vichafu mezani. Ushamba huo, alisema. Siku hizi kompyuta moja yenye nguvu inabeba mashine pepe, yaani kompyuta za ndani kwa ndani, kila moja na mfumo wake, wala hazijuani. Mdarizi akauliza habari za nakala zake. Profesa akachekea puani: mashine hizo zitawekeana nakala zenyewe, kama zamani, bila mtu kugusa kitu. Flashi je? Flashi ni za wauza miziki. Mume wa Mdarizi akamuunga mkono ndugu yake, damu nzito kuliko maji, na kompyuta kuukuu zikaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Na ile kompyuta moja mpya aliyoifunga Profesa ikafanya kazi kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Mdarizi. Profesa akawa analeta marafiki zake waje kuangalia madirisha matatu kwenye kioo kimoja, bila hata kubisha hodi.

Kisha umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na sanduku la kompyuta likatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Profesa akaitwa. Akafungua, akachokonoa, akatoka jasho, mwisho akakiri kwamba diski imekufa.

"Lakini nakala zilikuwa tatu," akasema.

"Vyumba vitatu, nyumba moja," Mdarizi akamjibu. "Nyumba ikiungua, unahamia chumba kipi?"

Profesa akaangalia viatu vyake. Mdarizi alimdharau kiasi kwamba hata hasira hakuipata. Hasira aliwawekea watu wazima. Kilichomchoma ni mama yake, aliyepofuka kwa maua yale.

"Vua koti, shemeji."

Akavua. Shati la ndani lilikuwa limepigwa pasi kola na kifua tu. Mgongo na mikono ilikuwa imekunjamana kama tambara la deki. Mdarizi hakucheka. Alilitandaza koti chini ya taa, akaanza kuhesabu mishono ya waridi na kuichora kwenye karatasi, machozi yakimtiririka bila kuyaficha.

Profesa akauliza koti lake atalipata lini.

"Ukiniletea maua mengine ya mama, kutoka kila nguo niliyowahi kuidarizi."