Kanisa Lisilo na Ngazi

Jumapili ya kwanza ya Majilio, saa sita kasoro robo mchana, muosha vikombe alikuwa jikoni mwa kanisa akiosha vikombe vya Meza ya Bwana. Ni vikombe vidogo vya kioo, mia moja na ishirini, na kila kimoja hutaka kusuguliwa ndani kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa. Alikuwa akiimba taratibu wimbo uliofunga ibada. Alipofika kikombe cha arobaini na moja, chenye rangi ya mdomo ya Mama Mchungaji, aliona sinki limeshuka. Akatazama vizuri. Sinki lilikuwa palepale. Aliyepanda ni yeye, kiasi cha mita moja kutoka sakafuni, na kandambili yake ya kushoto ilikuwa imebaki chini.

Mama Mchungaji aliingia kuchukua mwavuli aliousahau.

"Mwanangu, madhali uko hukohuko juu, hebu niondolee hao buibui kwenye taa," alisema. "Kila nikiingia humu wananikodolea macho."

"Sawa, mama."

Akawaondoa. Mama Mchungaji akashukuru, akaufungua mwavuli kuukagua, akaenda zake.

Miaka kumi na mitano muosha vikombe alikuwa ameviosha vikombe vile bila kunywea hata kimoja. Alitengwa alipopata mimba hajaolewa. Aliambiwa asimame mbele ya kanisa atubu, atarudishwa kundini, yaishe. Akasema hewala, atasimama, ila na yule waliyekosa naye asimame. Wazee wakamuuliza ni nani. Akamtaja. Wazee wakatazama viatu vyao, kisha wakamwambia kwamba kumtuhumu ndugu katika imani kunataka mashahidi wawili. Sasa jamani, mambo yale toka lini watu wakaalika mashahidi! Basi yeye akakataa kusimama peke yake, na ndugu katika imani akafunga ndoa yake nyeupe miezi mitatu baadaye, kwaya zote mbili zikaimba. Siku hizi ndiye Katibu wa baraza la wazee, mwandishi wa kumbukumbu za vikao, mtu wa mwandiko mzuri sana. Ombi la dada huyu kurudi kundini huandikwa kila kikao, tena kwa mwandiko huohuo mzuri, chini kabisa ya ajenda, kwenye Mengineyo. Kikao hakijawahi kufika Mengineyo.

Angeweza kuendelea hivyo mpaka anaingia kaburini, maana alikwisha kuzoea. Lakini mwaka huo binti yake alimaliza mafundisho, na Krismasi angepokea Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Utaratibu wa kanisa lile ni kwamba anayepokea mara ya kwanza huongozana na mzazi wake hadi mbele, wakapiga magoti pamoja, wakanywa pamoja.

"Mama, tutaenda wote, eti?" binti alimuuliza akiwa anapiga pasi.

"Tutaenda wote," alijibu, huku akijua ameahidi kitu kisicho chake.

Habari za kupanda kwake zilifika kwa wazee kabla ya Jumanne, na zilifika wakati mzuri. Kanisa halikuwa na ngazi. Lilikuwa nayo, ila iliazimwa na kanisa jirani miaka miwili iliyopita, na upendo wa kidugu ukazuia mtu yeyote kwenda kuidai. Taa nne za darini zilikuwa zimekufa, na ile nyota kubwa ya Krismasi ilikuwa imelala stoo ikiliwa na panya. Kwa hiyo muosha vikombe aliitwa kikaoni saa kumi na moja jioni. Wazee saba walikuwa wameketi, chai mbele yao.

"Unapandaje?" aliuliza Mzee wa Mapambo, aliyekabidhiwa urembo wote wa kanisa.

"Nikiimba. Au nikisikia watu wanaimba."

"Na kushuka?"

"Matangazo yakianza, nashuka mwenyewe."

Wazee walitikisa vichwa. Hilo liliwaingia akilini, matangazo ya kanisa lile yangemshusha yeyote.

Mzee mmoja mkongwe aliuliza kama inafaa mtu aliyetengwa kupaa ndani ya nyumba ya Bwana. Katibu alifungua katiba ya kanisa, akalamba kidole, akapekua kurasa zote.

"Hakuna kifungu kinachozuia kupaa," alisema. "Kilichozuiwa ni Meza tu."

"Basi suala la ngazi limekwisha," Mchungaji akasema, na wote wakafurahi.

Muosha vikombe akapiga moyo konde. "Baba Mchungaji, binti yangu anapokea Krismasi. Naomba nimsindikize. Niko tayari kusimama mbele hata leo. Lakini na mwenzangu asimame."

Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kufuata ajenda tu. Akamgeukia Katibu.

"Liko kwenye Mengineyo," Katibu alisema bila kuinua kalamu.

Mchungaji akatazama saa, akasema loo, muda umetutupa mkono, tusimame tuombe.

Wiki tatu dada yule alifanya kazi ya ngazi, na kusema haki aliifanya vizuri kuliko ngazi yenyewe. Wanakwaya wanne walipangwa kumwimbia zamu kwa zamu, na kwa ubeti mmoja alifika kwenye feni, kwa mbili akafika darini. Alibadilisha taa. Alifuta madirisha ya juu, kanisa likapata mwanga ambao washirika wengi hawakuujua, na wengine wakalalamika unawaumiza macho. Alitundika nyota. Akimaliza, Mzee wa Mapambo alimsomea matangazo ya Jumapili iliyopita, naye akashuka polepole mpaka vidole vikagusa sakafu. Watu wakamsifu. Wakasema kweli Mungu hamtupi mja wake, angalia alivyowapatia ngazi.

Krismasi asubuhi alivaa gauni lake la kijani, akaketi benchi la tatu, bega kwa bega na binti yake. Alikuwa ameamua. Hakuomba ruhusa tena, na hakumwambia mtu. Nyimbo za mwanzo alizivumilia kwa kufumba macho na kung'ang'ania benchi, akapanda kidogo tu, kiasi cha kuonekana ni mrefu. Mchungaji alipowaita wanaopokea mara ya kwanza, muosha vikombe alisimama pamoja na binti yake, akamshika mkono, wakatoka kwenye benchi.

Katibu alikuwa mbele, ameshika sinia la vikombe. Aliwaona wanakuja. Akainama, akamnong'oneza mwalimu wa kwaya, naye mwalimu akainua mikono. Kwaya ikaanza wimbo wa shangwe, sauti zote nne, na ngoma juu yake.

Miguu yake ikaacha sakafu. Akashika benchi la mbele kwa mkono uliobaki, na benchi nalo likaanza kunyanyuka, na wazee watatu juu yake.

"Dada, tuachie, tafadhali," mmoja alimwambia kwa upole. "Miguu yangu si mizuri."

Akaliachia. Mkono wa binti nao ukamponyoka, kidole baada ya kidole. Ubeti wa pili ulipoanza tayari mgongo wake ulikuwa umegusa dari, pembeni ya nyota, gauni la kijani likimning'inia. Alilia huko juu, na machozi yake yakamdondokea mama mmoja kwenye kofia, naye akadhani ni paa linavuja.

Binti alikwenda mbele peke yake, akapiga magoti. Wimbo ukaisha. Katibu akamfikia na sinia lake, akachagua kikombe, akampa.

"Kishike kwa mikono miwili, mwanangu," muosha vikombe alisema kutoka darini, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Anayekupa ni baba yako."

Hakuna aliyeshtuka. Kanisa zima likakohoa. Mke wa Katibu alifungua kitabu cha nyimbo, akaanza kusoma yaliyomo. Binti aliinua macho akayatazama masikio ya Katibu, yaliyochomoza vilevile kama yake, ambayo kila mtu alikuwa ameyaona kwa miaka kumi na minne isipokuwa yeye.

Akamrudishia kikombe kikiwa kimejaa. "Sinywi," alisema. "Mpaka mama ashuke anywe."

Hapo ndipo Katibu alipata taabu ya kweli. Sinia lile lina matundu ya vikombe, lakini utaratibu hausemi lolote kuhusu kikombe kilichorudishwa. Akamtazama Mchungaji, Mchungaji akatazama Biblia. Kumwaga haifai, ni kitu kitakatifu. Basi Katibu akakinywa yeye, akajipangusa mdomo kwa leso, akahamia kwa aliyefuata.

Kisha akasoma matangazo. La kwanza, waliosahau miavuli waifuate ofisini. La pili, ngazi haitanunuliwa. La tatu, mshirika mmoja kijana amekataa kikombe, suala lake litashughulikiwa kwenye Mengineyo. Washirika wakaitika amina. Muosha vikombe alishuka taratibu katikati ya haya yote, na binti yake alikuwa amesimama chini anamsubiri. Alimdaka kiunoni, akamkumbatia kwa nguvu, na wote wawili walilia bila kujificha.

Mzee wa Mapambo aliwasogelea, akawatakia Krismasi njema kwa moyo wake wote.

"Mapambo tunayatoa tarehe sita, dada, usitusahau," alisema. Halafu akamtazama binti, kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepima kitambaa. "Na huyu je, naye huwa anaimba?"