Diwani Asiye na Kura

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku ile zilikuwa karibu zaidi. Zimebaki dakika ishirini muda wa kurudisha fomu za udiwani uishe, nami nimeketi ofisi ya uchaguzi nikisubiri kutangazwa, kwa mara ya nne, kwamba nimepita bila kupingwa. Mlango ukafunguliwa. Akaingia dada mkubwa wa mke wangu, mkunga wa zahanati yetu, bado na gauni la kazi. Nikadhani kuna mgonjwa nyumbani.

"Nimeleta fomu," akamwambia afisa.

Alipotoka nikamfuata hadi uani. "Shemeji, nimekukosea nini?"

"Lile daraja la mbao nyuma ya zahanati nimekuandikia barua tatu. Wajawazito wanazungushwa njia ya mbali. Wewe kila barua unaitia saini kwamba umeipokea, basi."

"Si ungeandika ya nne?"

"Ya nne ndiyo hii fomu."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa miaka kumi na tano nilisifiwa mpaka nikavimba kichwa. Nikiingia mahali watu wananyanyuka, nikaona huo ndio upendo. Kwa kuwa sikuwa na mpinzani, hata karatasi za kura za udiwani hazikuchapishwa. Wenzangu wakihangaika juani kuomba kura, mimi nilikuwa kibarazani nakunywa chai.

Safari hii ikabidi nitembee. Mke wangu alishaniambia, "Mume wewe, dada yule. Kura yangu msiniulize." Fundi viatu alinipokea mlangoni kwake kwa adabu zote: "Karibu, diwani. Umepotea njia?"

Kwenda nyumba za bondeni nikapita kwenye lile daraja. Ubao ukakatika, mguu ukazama kwenye tope hadi gotini. Kina mama waliokuwa wakifua wakacheka wazi. Hasira zikanipanda, nikatafuta wa kumgombeza nikamkosa, maana mwenye kosa ndiye aliyekuwa topeni.

Kesho yake nikaja na seremala. Kwa siku mbili nilimshikia mbao mwenyewe.

"Kumbe ukipingwa unafanya kazi," fundi viatu akasema akipita. Nilikuwa na jibu lake, ila mdomoni nilikuwa nimebana misumari.

Shemeji naye akaja, akalijaribu kwa mguu mmoja, kisha kwa miwili. "Zuri," akasema. "Lakini sijitoi."

Siku ya kura nikapewa karatasi zangu. Za wakubwa niliziwekea alama kama kawaida. Ya udiwani ilikuwa na sura mbili, ya shemeji na yangu. Nilipoona jina langu kwenye karatasi, mkono ukafanya ulichozoea miaka yote.

Jioni, darasani walipohesabia, msimamizi aliinua karatasi moja juu. "Hii imeharibika. Imetiwa saini."

Wakala wa shemeji akachungulia. "Na tarehe."

Saini ile yenye mkia mrefu ilikuwa kwenye barua ya makazi ya kila mmoja mle ndani. Wakacheka hadi wakashika madawati, na mimi nikajikuta nacheka nao.

Halafu yakasomwa matokeo. Mkunga, kura mia tatu na kumi na nne. Mimi, mia tatu na tatu.

Watu wakanigeukia, wakisubiri hasira zangu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema watu. Sasa mimi hata mshindani sikuwahi kuwa. Nilikaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakigusa mbao, nikiwawazia hao mia tatu na tatu. Walipanga foleni juani. Waliliona jina jingine, la mtu mwema kuliko mimi, wakaliacha wakachagua langu. Nimewahi kupewa viti vya mbele na makofi, lakini hicho nilikuwa sijawahi kupewa. Nilishukuru mpaka machozi yakanitoka.

Shemeji akaja kuketi kando yangu. "Nimekuumiza?"

"Hapana. Umenipatia kura mia tatu na tatu. Nilikuwa sina hata moja."

Nikatoa ufunguo wa ofisi mfukoni, nikamwekea kiganjani. "Droo ya pili inakwama, ivute kwa nguvu. Barua zako zimo humo."

Akaugeuzageuza ufunguo. "Nawe shemeji, umeniachia watu wa kuninyanyukia nikiingia. Nitajuaje nikiharibu?"

"Uchaguzi ujao nitachukua fomu."

"Kweli? Hutaniacha nipite hivi hivi?"

"Sitakuacha."

Akanishika mkono, akaubana kama anavyobana ya wajawazito wake wenye uchungu. "Asante, shemeji," akasema.